Njia ya Mwongo

Daktari wa macho alizima taa, akaiwasha,
akaniuliza herufi ya tatu. Nikakisia.
Wiki hiyohiyo nikauza gari
kwa kijana aliyelipiga gurudumu teke,
akacheka, akatoa fedha pungufu.

Sasa kadi ya basi inaning'inia shingoni
kama mtoto wa chekechea.
Na Genova hii, niliyoiendesha miaka arobaini,
kumbe siijui.
Niliijua kwa taa nyekundu na kwa matusi.
Sikujua basi la kupanda mlimani
hupita kona kwa kubana tumbo,
kioo chake kikinusa mashuka yaliyoanikwa.
Sikujua kuna lifti ya umma ndani ya jabali:
unaingia chini na wenye vikapu vya dagaa,
mlango ukifunguka, bandari yote iko miguuni.
Tiketi ni ileile. Niliuliza mara mbili.

Jumanne nikashuka kituo kisicho changu.
Macho haya.
Mama mmoja mwenye mbwa akanionyesha kwa kidevu
kichochoro katikati ya kuta mbili,
chembamba, hata toroli lingekwama.
"Shuka tu, baba. Utatokea."

Nilishuka kwa kuhesabu, maana mguu hauhitaji miwani.
Sitini: harufu ya mrehani dirishani.
Mia na kumi: redio, mtu anagombana na mpira.
Mia mbili na kumi na nne: mlango,
kengele ya shaba, na jina
nililolisoma kwa kidole.

Ivaldo. Tumbo moja, ziwa moja.
Miaka kumi na tisa niliwaambia watu,
nikamwambia hata marehemu mke wangu,
"Kwa Ivaldo ni mbali."
Na kwa gari ilikuwa kweli: unazunguka kilima,
unaingia handaki, unakaa kwenye foleni,
ukifika huna pa kuegesha, unarudi na hasira zako.
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Wahenga hawakuwa na gari.

Ndara zilijikokota ndani. Komeo.
Amezeeka vibaya, au ni macho yangu.
"Umekujaje?"
"Kwa miguu."
Akatazama juu ya bega langu, kwenye ngazi,
kana kwamba zimejengwa asubuhi ile.

Kahawa yake bado ni chungu, haijachujwa.
Meza ya mama, ile tuliyogombania,
ina mguu mmoja mfupi.
Ameukingia gazeti lililokunjwa.
Tulikunywa tukiishikilia, kila mtu upande wake.