Kibanda cha Tiketi

Binti yangu aliniuliza kwenye simu,
"Mama, miaka sitini na sita, unalipa ada
ukafundishwe kuangalia video?"
Nikamwambia ndiyo, elfu sita kwa mwezi,
chai juu yao, maandazi juu yetu.

Darasa ni chumba cha ushirika, Majengo,
ukuta mmoja na mafundi cherehani.
Shuka jeupe limebanwa kwa vibanio vya nguo.
Tuko kumi na mmoja: Ndeshukurwa, mstaafu wa posta,
Bwana Mbwambo anayesinzia kabla taa hazijazimwa,
wajane wawili wa Rau wanaogombea kiti cha mbele
kama walivyogombea, wasemavyo watu, jambo jingine zamani.
Mwalimu wetu, Elirehema, ni kijana wa juzi,
hana hata ndevu za kushika akifikiri.

Siku ya kwanza alituonya:
"Hapa hatuulizi nini kitatokea.
Tunauliza kamera imesimama wapi, na kwa nini hapo."
Mbwambo akazinduka: "Imesimama pale ilipowekwa."
Tukacheka mpaka fundi wa jirani akagonga ukuta.

Sikuwaambia hili:
miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kibanda cha tiketi
cha sinema ya mjini, pale wanapouza vigae sasa.
Nilikata tiketi, nikahesabu senti, nikafunga dirisha,
na filamu ikaanza upande wa pili.
Sikuwahi kuona hata moja mpaka mwisho.
Nilizisikia.
Nilijua mlango wa adui kwa bawaba yake,
nilijua busu kwa kimya cha vijana wa viti vya nyuma
kabla miluzi haijapasua paa,
nilijua nani atakufa: muziki ulimtangulia
kama mbwa anayemtangulia mgeni uani.
Nilirudi Pasua usiku na sauti tupu kichwani,
njia nzima nikizivika nyuso za watu ninaowajua.
Muuaji daima alikuwa mwenye nyumba wetu.
Mpenzi, hilo mniachie.

Alhamisi iliyopita mwalimu alizima sauti.
"Tazameni tu," akasema.
Mwanamke anamenya chungwa mezani.
Mwanamume anavua kofia, anaivaa tena.
Basi.
Wenzangu wakaandika: mwanga, kivuli, dirisha.
Mimi kalamu ilinigandia mkononi.
Uso wa mtu mkubwa kuliko mlango wa nyumba yangu,
mdomo unafunguka, hakitoki kitu,
na sikujua, Mungu ni shahidi, pa kuweka macho.
Mgeni akiandaliwa chakula asichokijua
hungoja kwanza aone wenyeji wanakila vipi.
Nikamtazama Ndeshukurwa. Alikuwa analia,
kwa sababu ya chungwa.

"Mama Aikaeli, wewe umeona nini?"
Nikasema: ganda halikukatika.
Limeshuka zima, utepe mmoja mrefu, mpaka magotini,
na yeye hatazami mtu wala kisu.
Hamenyi hivyo ila aliyekwisha kulimenya
kichwani, mara nyingi, akisubiri.
Mwalimu akarudisha nyuma. Tukatazama tena.
Wale wa Rau, kwa mara ya kwanza, wakakubaliana.

Ndipo umeme ukakatika.
Watu wakapapasa simu, viatu, mlango.
Mimi nilibaki nimekaa.
Nyuma ya ukuta cherehani moja ya miguu
ilikuwa bado inakwenda,
inasita, inakwenda: fundi anazungusha kola,
ana mshumaa bila shaka, na sare za shule za kesho.
Nikamtafutia uso.
Kisha nikatafuta mahali pa kusimamisha kamera:
chini, karibu na kanyagio, pale kandambili
inapokaribia kuvuka na haivuki.

Mbwambo akauliza gizani, "Imeisha?"
Nikamwambia bado. Kaa.