Safu ya Kilomita

Mwezi wa tano mkurugenzi aliniita ghorofani.
Anselmo, alisema, watu wetu wananenepa,
maegesho yamejaa, bima imepanda.
Tuwape mashindano ya baiskeli, siku thelathini.
Wewe una mkono mzuri. Andika bango.

Nikaandika:

    Funguo weka mezani, gari lilale nyumbani,
    kanyaga hadi kazini, upepo uwe shingoni.

Nikalibandika juu ya mashine ya kahawa,
chini yake jedwali: majina mia na kumi na mawili,
safu ya siku, safu ya kilomita.
Kisha nikashuka, nikawasha gari langu, nikaenda zangu.

Hapa Aveiro mji ni bapa kama vigae tunavyovichoma.
Hakuna mlima wa kusingizia.
Kuna upepo tu, unaotoka kwenye majaruba ya chumvi:
asubuhi unakupiga kifuani, jioni unakupiga kifuani,
na hakuna ajuaye unageukia wapi mchana.

Wiki ya kwanza wahasibu waliongoza.
Valdemar alinunua kaptura inayong'aa na miwani ya mende,
akawa anauzunguka wangwa mzima kabla ya kupiga kadi.
Arobaini na moja. Hamsini na tatu.
Graciete wa ufungashaji aliitoa stoo baiskeli ya marehemu mumewe,
mnyororo umeliwa na kutu, kengele bado inalia.
Sita kila siku, sita, sita, sita,
kama mtu anayelipa deni.

Na idara ya tanuri: sifuri.
Pengo kwenye jedwali, kama jino lililong'oka.

Nikaenda kuwashawishi, ndiyo kazi niliyopewa.
Nikasema ya moyo, nikasema ya mapafu.
Deolinda, miaka hamsini na minane, glavu hadi viwikoni,
aliniacha nimalize.
Sijui kuendesha, akasema.
Kwetu baiskeli ilikuwa moja, na kaka zangu wanne.
Halafu, bila kunitazama:
Na wewe, bwana bango, lile gari lako la bluu
hulala nyumbani siku gani?

Nilicheka. Masikio yaliniwaka, na si kwa tanuri.

Siku ya kumi na tisa, zamu ilipoisha,
tulikutana nyuma ya ghala, kwenye saruji isiyo na mashahidi
ila vigae vilivyovunjika na paka wa mlinzi.
Graciete alituazima ya kwake.
Nikashika kiti. Deolinda akashika usukani
kama anayeshika pembe za ng'ombe asiyemwamini.
Usiniachie, alisema.
Sikuachii.
Mita nne, tukaanguka wote watatu, baiskeli ikiwa juu.

Kesho yake mita kumi. Kesho kutwa mvua.
Goti likavimba; akaja na goti lake.
Wenzake wa tanuri wakaanza kutoka nje
wakijifanya wamefuata sigara.
Tazama mbele, mama, alisema Hermínio,
ardhi umeshaijua.

Nilimwachia siku ya ishirini na nane. Sikumwambia.
Niliendelea kukimbia nyuma, mikono hewani,
tai begani, pumzi kooni,
naye akipayuka: Umenishika? Umenishika?
Nimekushika! nikamdanganya,
mpaka akawa mbali mno kwa uongo wangu kumfikia.

Kikombe alichukua Valdemar. Alistahili, miguu ilikuwa yake.
Kwenye safu ya tanuri niliandika 0.3,
mkurugenzi akauliza kama kalamu imeteleza.

Safu yangu mimi ni tupu.
Nilikimbia nyingi, ila za miguu hazihesabiwi.
Bango nimelibandua. Vina vilikuwa sawa;
mwandishi ndiye aliyekuwa na gari.

Leo nimechelewa dakika kumi na moja,
juu ya baiskeli ya mitumba yenye kikapu,
upepo kifuani.
Deolinda alinipita darajani
na baiskeli ya mmoja wa wale kaka.
Hakupiga kengele.