Sitini

Mwalimu Arpenik anashuka ngazi kumi na moja za karakana yangu
amekumbatia laptopu iliyoviringishwa taulo la kuogea,
theluji ya Gyumri bado i mabegani,
na kabla sijamkaribisha ameshasema:
"Haichaji. Imechomekwa, na haichaji.
Mashine yenyewe inakiri. Soma."

Nasoma. Pembeni mwa skrini, herufi ndogo kama chawa:
imechomekwa, haichaji, asilimia sitini.
Kama mgeni aliyeketi mezani, kijiko mkononi,
na hagusi chakula.

Naanza na ukuta, maana fundi mwenye haraka
hung'oa jino zima akaliacha bovu.
Soketi haina neno, birika langu linachemkia hapo hapo.
Napapasa waya wa chaja, inchi kwa inchi,
kama atafutaye mwiba ndani ya samaki,
hasa hapa shingoni, ambapo paka hupenda kutafuna.
"Sina paka," asema. "Nina jiometri."
Natoa chaja yangu ya akiba. Taa inawaka.
Sitini.

Kijiti cha meno, tochi, tundu la chaja:
zinatoka nyuzi za buluu, kidonge cha vumbi,
na kipande cha kitu kilichowahi kuwa biskuti.
Anatazama dirishani, ingawa dirisha langu
halionyeshi ila viatu vya wapita njia.
Sitini.

Nazima. Nachomoa. Nabonyeza kitufe cha kuwashia
nikihesabu hadi thelathini, umeme uliojificha utoke.
Anahesabu nami kwa sauti ya darasani,
na niliporuka ishirini na tatu, alinirudisha.
Sitini.

Sasa skrubu, kumi, na woga wangu wa kila siku:
betri iliyoumuka kama unga wenye hamira
haimsubiri fundi amalize sala.
Hii iko bapa. Baridi tu, baridi kama kitasa cha nje.
"Huenda imeganda," nasema. "Ikiganda hugoma."
Tunaiweka mbali kidogo na jiko, tunakunywa chai,
naye ananiambia, bila kuulizwa, kwamba mwanawe Mher
anafunga lifti huko Novosibirsk,
kwamba mashine hii aliiacha Septemba, ili waonane,
na kwamba picha hukatika akiwa amefumba macho.

Betri ikapata joto. Sitini.

Ndipo nikatazama pale ambapo ningetazama mwanzo,
(aibu hii naiandika, mteja hakuijua)
ndani ya mipangilio, ukurasa wa nne, swichi ndogo:
linda betri, ikomee sitini.

"Nani aliwasha hii?"
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mher. Mtoto yule! Hata sahani aliibakiza robo,
eti usiku ni mrefu."

Nikamweleza: betri inayojazwa pomoni kila siku,
ikikaa kwenye waya asubuhi hadi asubuhi, huzeeka upesi.
Alitaka idumu.
"Idumu miaka mingapi?" akauliza.
Nikajishughulisha na skrubu.
Moja ilikuwa imebingirika chini ya jiko, ahsante yake.

"Weka mia," akasema.
Nikaweka. Taa ikageuka rangi.
Akavuta kiti, akaitazama skrini
kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.
Sitini na moja. Kimya.
Juu, viatu, viatu, gurudumu la mkokoteni wa mtoto.
Sitini na mbili.

"Basi," akasema. "Inaweza. Rudisha kwenye sitini."

Nikarudisha.
Akanilipa kwa sarafu, akizipanga pembetatu mezani,
nami nikamwonya: taulo ndilo linaloziba tundu, mwalimu, nyuzi zile.
Akalitazama taulo muda mrefu.
Akaligeuza upande wa pili,
akaviringisha.