Nimeshasali?

Saa kumi na dakika arobaini, Ibra.
Kiyoyozi kimenyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kati ya mashine ya kufulia na gunia la mchele,
maana chumba changu hakina mahali pa magoti.

Bwana.
Ninaanza hivyo kwa mazoea,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
aliyosikia wenyewe wamehama.

Jina langu Tusajigwe. Unalijua, au ulilijua.
Kwetu Tukuyu maana yake tumebarikiwa.
Mama alinipa mwaka ule upepo ulipolaza migomba yote,
watu wakamcheka: mmebarikiwa nini?
Akacheka nao. Kisha akasema ndaga, Kyala, ndaga fijo,
akaokota ndizi changa chini, akaanza kumenya.

Mwezi Machi nilimzika kwa simu.
Ambakisye aliinua mkono juu ya vichwa vya watu,
mvua inanyesha, mtandao unakata,
jeneza likaganda hewani, nusu kaburini nusu duniani,
dakika nne nzima,
na mimi huku nimeshika chupa ya sabuni.
Tangu siku ile nikisali Baba Yetu
nafika "mapenzi yako", naganda nami.

Siombi unieleze.
Uongo. Ninaomba unieleze.

Mwaka huu nimefika kanisani Ruwi Ijumaa mbili tu.
Wafilipino wanatoka, sisi tunaingia, Wahindi wanasubiri mlangoni na Biblia zao,
na wewe umepangiwa saa moja na nusu kwa kila lugha.
Mhubiri wetu, Mkisii mmoja fundi wa lifti,
alisema imani ni kama lifti, kamba yake huioni.
Watu wakasema amina.
Mimi nikawaza ngazi.

Adhana. Nasikia mkongojo wa Bi Zuwena ukitafuta sakafu.
Ninamshika kwapa, ninamketisha, ninamtilia maji ya udhu:
mikono, kinywa, pua, uso.
Ngozi yake nyepesi kama ganda la kitunguu.
Ananiita Rehani; sijui Rehani alikuwa nani.
Kiarabu kimeanza kumtoka, watoto wake wanahangaika,
kimebaki Kiswahili cha Pemba cha utotoni,
na nyumba nzima sasa mimi ndiye masikio yake.

"Nimeshasali?"
"Bado, Bibi."
Anasali palepale kitini. Ninakunja taulo.
Anageuka.
"Nimeshasali?"
"Umeshasali, Bibi."
"Hata! Sijasali mimi."
Na anaanza upya, taratibu, bila haya,
kama ndiyo mara ya kwanza ulimwenguni.

Sitasema nimefundishwa kitu.
Nilisimama na jagi, miguu inauma,
jikoni chai ya maziwa inafurika juu ya jiko.
Lakini nilimwonea wivu.
Yeye anasahau kwamba amesali, anarudi.
Mimi ninakumbuka kila sala, tarehe yake, saa yake,
na mbele yake pale pa jibu, patupu,
kama daftari la mkopo la duka la mtaani.

Basi, kama upo
(na kama hupo, ninamwambia nani
kila siku juu ya ndoo hii?)
sikudai mama. Najua udongo wa kwetu haurudishi.
Nipe tu kusahau kidogo.
Chukua daftari.
Nipe neno linalofuata baada ya "mapenzi yako",
lile ambalo hata watoto wa Jumapili wanalijua.

Weupe umegusa vilele vya mawe nyuma ya mitende.
Hapa hakuna umande. Kwetu saa hizi miguu ingekuwa imelowa.

"Wewe! Rehani! Nimeshasali?"

Ninafungua bomba, napima maji kwa kiganja,
yasiwe moto, yasiwe baridi.

"Bado, Bibi.
Nami bado."