Duka la Pili, Ruwi

Zahor alipofungua duka kumkabili Mundhir,
mchezo wa mpira, riali ishirini na nne,
ukashuka hadi kumi na saba, na soda juu yake.
Mabango yakafunika hata kiyoyozi.
Mwanangu Ghassan hakuwa na haja ya kuomba apunguziwe:
alivuka barabara tu, bei ikateremka.
Wapiganapo tembo, nyasi huumia, wasema.
Sisi nyasi tulinenepa.

Mwezi wa Rajabu Mundhir akalinunua la pili,
rafu, taa na muuzaji wake.
Soda hakuna. Bango limebaki moja, la karatasi:
riali thelathini, bei haipungui.

Ghassan bado huvuka.
Husimama juani mbele ya kioo cha pili,
asome bei ileile,
mwandiko uleule.