Kichupa cha Nne

Miaka saba pua yangu ilikuwa mlango uliozibwa kwa matofali.
Nilikula supu ya vitunguu, nikala mvuke.
Nilimzika mama nikiuona ubani tu, moshi mweupe
usio na la kusema.

Nami ndimi Donka, niliyesimama kando ya mtungi wa shaba
nikisema, "Punguza moto," kabla kipimajoto hakijajua.
Mei ya mwaka juzi waridi liliungua,
kilo mia tano, lililochumwa na umande wake kabla ya jua,
na mimi nimesimama papo hapo, najifuta jasho, natabasamu.
Stamen alikuja mbio kutoka barabarani.
Hakunilaumu. Alivua kofia tu,
kama mume aliyefika matangani.

Plovdiv, ghorofa ya tatu. Daktari Hristozov
akanipitishia darubini nyembamba kuliko kikonyo cha ua,
akanigeuzia kioo nijionee:
mavimbe ya kijivu yaning'inia, yang'aa,
zabibu zilizomenywa.
"Si saratani. Ni nyama za pua. Nitaziondoa,
ila zina tabia ya kurudi, kama wageni waliokula vizuri."

Niliamka na tambi za pamba puani, koo kavu,
ulimi wenye ladha ya sarafu.
Kisha maji ya chumvi, asubuhi na jioni,
kichwa juu ya sinki: yaingia tundu hili, yatokea lile.
Mjukuu wangu Kalin aliwaita wenzake waje kutazama.

Pumzi ikarudi. Harufu haikurudi.

Ndipo daktari akanipa vichupa vinne:
limau, mkaratusi, karafuu, na (hapo alitazama chini)
waridi.
"Sekunde ishirini kila kimoja. Usinuse tu. Kumbuka."
Mimi! Waridi la kichupani!
Mpe mwokaji picha ya mkate.

Wiki ya kumi na moja karafuu ikanipiga,
lakini kwa harufu ya mpira unaoungua.
Kahawa ikawa mzoga. Sabuni ikawa kitu nisichokitaja.
Nikampigia daktari nikilia; yeye akafurahi.
"Neva zinajifunza kusoma. Mtoto huanza kwa kukosea herufi."

Kati ya kunuka na kunukia pana irabu moja.
Niliishi ndani ya irabu hiyo
majira yote ya baridi.

Machi, theluji ikiyeyuka, naingia ndani,
viatu vya Stamen viko kizingitini, vya mpira, vya zizini,
na mara: samadi. Samadi yenyewe, kwa jina lake.
Jasho. Nyasi kavu. Ile tumbaku aliyoniapia ameiacha.
Nikakaa chini, kiatu usoni.
"Bibi," Kalin akauliza, "mbona unalilia ndani ya kiatu cha babu?"

Limau sasa ni limau. Mkaratusi, mkaratusi.
Kichupa cha nne hakisemi.
Stamen ameshasugua mtungi, kuni zimepangwa,
na vichaka kule bondeni vimeanza kuvimba vifundo.
Mwaka huu Kalin atasimama karibu yangu:
yeye atanusa, mimi nitamwuliza maswali.

Lakini jana, sekunde ya kumi na nane,
kitu kilipita, chembamba,
mtu nyuma ya pazia, na taa mkononi.
Sijamwambia Stamen.
Nilifunga kizibo haraka
asije akatoka.