Hesabu ya Shangazi Eulogia

Sanduku lilinuka siki na mbao ya zamani.
Lilisimama kwa miguu mitatu nyuma ya soko la Potosí,
mguu mmoja mfupi, tukautegemeza kwa jiwe la mgodini.
Mbele, jicho la kioo. Nyuma, mkono wa kitambaa cheusi
ambamo shangazi alizamisha mkono wake hadi kiwikoni
kama mkunga.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kuteka maji,
kufukuza mbwa, kushika ubao, na kutouliza.
Niliuliza. Ndani mna nini?

"Giza," akasema. "Mwanga ni wa bure,
unamwagika kutwa juu ya mapaa ya watu.
Giza ndilo unalolitengeneza, ufa kwa ufa, kwa nta."

Akanifunika shuka. Kwenye kioo cha ukungu
kanisa lilining'inia kama popo,
wauza viazi wakitembea kichwa chini,
na mawingu yakiburura sakafuni.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Hata machoni pako huingia hivyo. Umezoea tu."

Mfukoni alikuwa na visahani vitano vya shaba,
kila kimoja na tundu lake katikati:
la kwanza lingemeza kidole gumba,
la mwisho punje ya mahindi, kwa shida.
"Kila ukishuka tundu moja, mwanga unabaki nusu;
basi hesabu mara mbili. Ndoo ni ileile.
Bomba nene, inajaa upesi. Bomba jembamba, ngoja.
Haba na haba, sawa, lakini kibaba kina ukingo:
kikifurika mtu anakuwa chokaa,
kikipwaya anakuwa masizi."

Na tundu dogo lina fadhila yake:
pua ya mtu na mlima nyuma yake, vyote vinaonekana.
Tundu kubwa huchagua. Pua hii; mlima uji.

Adhuhuri hakuiamini kabisa.
Huko juu hewa ni nyembamba, jua linakata kama wembe,
nusu ya uso inaungua, nusu inabaki shimo.
Alinisimamisha upande wa kivuli na shuka jeupe
nimrudishie mteja nuru kidogo shavuni.
Mikono iliniuma. Shuka lilikuwa la kitandani kwetu.

Agosti, siku ya mawingu, akaja Fortunato Colque
kutaka picha ya karatasi za malipo ya mapafu.
Kofia kaivua, kaishikilia magotini.
Karatasi yetu ilikuwa ya bei rahisi, nzito kuelewa.
Kisahani cha tatu, hesabu ya nane.
Shangazi akaondoa kifuniko cha ngozi:
huk, iskay, kimsa, tawa,
na kwenye pisqa akakohoa.

Ilitoka dawani, weusi na weupe vimebadilishana.
Tukaibana ubaoni, tukaipiga picha picha yenyewe,
usiku ukageuka mchana:
mikono imetulia, kila kucha mahali pake, kofia imara,
na juu ya kola, moshi.

"Tena," akasema shangazi. Tundu la kwanza, hesabu ya mbili.
Colque akabana pumzi kama aliye ndani ya maji.
Uso ukatoka safi. Ukuta nyuma yake ukayeyuka.
Hiyo ndiyo ofisi iliyochukua, na haikuirudisha.

Mwaka uliofuata alikuja mkewe, Leocadia,
na gunia la viazi badala ya pesa.
Shangazi akapekua kopo la biskuti,
akatoa ile ya kikohozi, akaishika kinyumenyume,
kisha akaigeuza.

Mama yule aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.
"Nyuso ni tatu," akasema. "Utanitoza za wangapi?"
"Mmoja."
Akaifunga ndani ya shali, akaenda.

Kesho yake shangazi alinunua karatasi mpya, ya ghali,
ile inayoelewa haraka.
Hakusema kwa nini.
Tukala viazi bila nyama hadi Oktoba.